Walimfunika Bushuti

Mwezi uliopita nilikwenda msibani Kariakoo, nyumbani kwa marehemu Bi Hidaya, aliyekuwa mama mwenye nyumba wangu nilipokuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuta majamvi yametandikwa uani, wanawake wamekaa wameegemea ukuta, na harufu ya pilau inatoka kwenye sufuria kubwa zilizopangwa karibu na bomba. Binti yake, Mwanahamisi, ambaye mimi namkumbuka akiwa na miaka mitano, sasa ni mtu mzima mwenye miwani. Alinishika mkono akanizungusha kwa wanawe na wajukuu. "Huyu ndiye Bibi Ndeshi," akawaambia. "Huyu ndiye aliyemrudisha babu yenu kutoka kusini, watu wakiwa wameshakata tamaa." Wakanipa shikamoo mmoja mmoja, wakanitazama kwa heshima ambayo sikuistahili, kisha nikaletewa sahani, nikala. Aliyosema Mwanahamisi ni kweli, ila ni nusu. Nusu ya pili mama yake hakuwaambia watoto wake kwa miaka yote ile, na leo sina wa kumuuliza kwa nini. Naiandika hapa kwa sababu pale jamvini, nikiwa na tonge mkononi, nilishindwa kuisema.

Mwaka huo soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado linajengwa, na wauzaji walikuwa wametapakaa mitaani na mafungu yao ya nyanya na samaki. Mimi nilikuwa nimetoka Kilimanjaro miezi michache nyuma, na Kiswahili changu kilikuwa cha shuleni, kimenyooka na hakina ladha. Nilipata kazi ya ukarani katika ofisi ndogo iliyokuwa ikiandaa kamusi, ghorofa ya pili upande wa Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Makame, mzee mwembamba wa Pemba aliyevaa koti hata kwenye joto la Februari. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu kadi za maneno. Kila neno lilikuwa na kadi yake: neno lenyewe juu, maana katikati, na chini mfano wa matumizi na mahali ulikopatikana. Neno lililokuwa na ushahidi wa kutosha liliingia katika masanduku ya kabati. Neno lenye ushahidi wa mtu mmoja au barua moja tu, kadi yake ilifungwa uzi mwekundu ikawekwa dirishani, kungoja ushahidi wa pili. Bwana Makame alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko jambo lingine lolote. Nilikuwa nikiipenda kazi ile kupita kiasi. Jioni nilirudi nyumbani na maneno kichwani kama mtu aliyenunua nguo mpya, nikitafuta pa kuyavaa.

Nyumba ya Bi Hidaya ilikuwa ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu, na uani jiko, choo na bomba. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, kinapakana na jiko, kwa hiyo nilisikia kila kilichosemwa kule tangu asubuhi mafuta ya vitumbua yanapoanza kuchemka. Mumewe, Rashidi, alikuwa fundi seremala mwenye kibanda chake Gerezani. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayekula polepole na kuondoa miiba ya samaki kwa uangalifu uleule aliotumia kwenye mbao. Mwezi wa pili aliagizwa kwenda kusini, kwenye kijiji kipya cha ujamaa mbele ya Kilwa, kutengeneza madawati ya shule. Alisema atakaa wiki sita. Aliondoka na sanduku la vyombo vyake, na mkewe akamfungia mikate ya kumimina kwenye kitambaa. Wiki sita zikapita. Masika yakaanza, Rufiji ikafurika, barabara ya kusini ikafungwa. Magari yakawa hayaendi wala hayarudi. Kila jioni Bi Hidaya alikuwa akiniuliza, kwa vile nilifanya kazi ofisini, kama nimesikia lolote redioni kuhusu barabara. Nilikuwa namjibu, "Bado, mama," naye anaitikia, "Haya," na kuendelea kuchagua mchele. Lakini niliona anachagua mchele uleule mara mbili.

Barua ilifika mwezi wa nne, siku ya Jumatano mchana, imeletwa kwa mkono na mtu aliyepanda meli Kilwa. Ilikuwa imelowa ikakauka, mwandiko wa penseli wa mzee asiyezoea kuandika. Bi Hidaya alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za kizungu hakuzifahamu. Alinisubiri mpaka nilipotoka kazini. Nilikuta wamekaa uani, yeye na Salehe, mdogo wake Rashidi, ambaye alikuwa mpakiaji bandarini na kusoma kwake kulikuwa kwa taabu. Sikuvua hata viatu. Nikasimama nikasoma:

"Kwa mke wa fundi Rashidi. Salamu sana. Baada ya salamu, fundi alifika kwetu kutoka kijijini akitafuta gari, homa ikamkuta hapa. Ijumaa ilimzidi. Tumemsomea Yasini, tumemfunika bushuti. Vyombo vyake vyote tumeviweka, hakijapotea hata kimoja. Mola ndiye mjuzi. Barabara ikikauka njooni."

Chini palikuwa na jina la mzee mwenyewe, Mzee Selemani, na jina la kijiji. Nilimaliza. Kwenye jiko kitu kilikuwa kinaungua.

"Rudia hapo," akasema Bi Hidaya. "Tumemfunika nini?"

"Bushuti."

"Bushuti ndiyo nini?" Akamgeukia Salehe. Salehe akatikisa kichwa. Wakanitazama mimi wote wawili.

Nimerudi kwenye dakika ile mara nyingi sana maishani. Ningeweza kusema sijui, au kwamba nitauliza. Lakini wiki ileile nilikuwa nimepiga taipu kadi ya neno hilo, na ilikuwa mbele ya macho yangu kama vile nimeishika: bushuti, joho la sufu lisilo na mikono, la wakubwa, pia hutandikwa juu ya jeneza. Na mfano wake, kutoka kwenye barua moja ya zamani: wakamfunika bushuti, wakamchukua kaburini. Maneno yaleyale. Nilijua kwamba watu wanaongoja hawastahili kungojeshwa zaidi. Hilo ndilo nililojiambia. Ukweli mwingine, ambao ilinichukua miaka kuukubali, ni kwamba nilifurahi kujua kitu ambacho watu wa pwani wenyewe hawakukijua. Furaha hiyo ilikuwa ndogo na ilikaa kifuani kwangu muda mfupi sana, lakini ilikuwepo.

"Ni joho, mama," nikasema. "Joho zito. Wanalifunika jeneza nalo."

Bi Hidaya hakupiga kelele. Alivuta kanga kichwani, akaushika mguu wa kiti nilichosimama karibu nacho, akakaa hivyo. Salehe ndiye aliyelia. Jioni ile ile alikuja maalimu wa msikiti wa jirani, mtu mpole, akaomba asomewe barua. Nikaisoma tena. Akafikiri, akasema Yasini husomewa hata mgonjwa. Kisha akaniuliza, "Na hilo neno, binti, una hakika nalo?"

"Nina hakika, maalimu. Ndiyo kazi yangu."

Kesho yake Bi Hidaya akakaa eda. Alivaa nguo nyeupe, akahamia chumba cha mbele, akaacha kuuza vitumbua, akaacha kutoka. Majirani walipokezana kumpikia, na mimi nikawa namlisha Mwanahamisi na kumwosha. Kanzu mbili za Rashidi zikatolewa sadaka, na koti lake akapewa mzee mmoja wa mtaani, ambaye nilikutana naye akilivaa, mikono imemzidi. Kibanda cha Gerezani akapewa fundi mwingine, maana kulikuwa na watu wengi wanaongoja nafasi. Mambo haya yalikwenda haraka kuliko nilivyodhani mambo ya kifo yanakwenda. Mimi nilikuwa nikiingia chumba cha mbele na sinia la chakula, namkuta amekaa akitazama mlango, ananiambia "Ahsante, mwanangu," na kula matonge matatu. Siku moja aliniuliza, "Hilo joho, ni zuri?" Nikamwambia kadi inasema ni la wakubwa. Akasema, "Basi walimheshimu." Nikatoka nikaenda kusimama bombani.

Siku ya kumi na saba ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda kununua kamba wakavu kwa Bi Somoe, mama wa kutoka Kilwa aliyekuwa akiuza kwenye kona karibu na uzio wa ujenzi wa soko. Siku mbili hakuwapo, na siku hiyo alikuwa amekaa nyuma ya fungu lake macho mekundu, akikohoa. Nikampa pole, nikamuuliza alikuwa wapi.

"Nilikuwa nimelala, mwanangu," akasema. "Homa na baridi. Siku mbili sikutoka kwenye bushuti."

Nilisikia, lakini nilijifanya kama sikusikia. Nikachagua kamba. Kisha nikawarudisha kwenye fungu. "Bushuti gani, mama?"

"Blanketi." Alinitazama kwa mshangao. "Lile zito la sufu. Kwenu mnaliitaje?"

"Kwenu mgonjwa anafunikwa bushuti?"

"Sasa afunikwe nini, na anatetemeka?"

"Na maiti je?"

"Maiti anafunikwa sanda," akasema Bi Somoe. "Una nini wewe? Kaa chini."

Sikukaa. Nilirudi nyumbani bila kamba, nikapita chumba cha mbele mlango ukiwa wazi, Bi Hidaya akaniita, nami nikasema nakuja. Sikwenda. Nilijifungia chumbani kwangu. Jumapili nilikwenda kanisani nikakaa kiti cha nyuma, sikusikia hata wimbo mmoja. Nilikuwa napiga hesabu za woga. Nikimwambia, na Rashidi akawa amekufa kweli, nitakuwa nimemuua mara ya pili. Nisipomwambia, na akawa hai, yuko mahali fulani amelala anatazama njia. Kila nilipoifikia hii ya pili nilikuwa natafuta sababu ya kuikimbia: barabara imefungwa, siku zimepita nyingi, Mzee Selemani angeandika tena. Siku mbili nzima nilinyamaza ndani ya nyumba ile, nikiwa najua. Kosa la kwanza naweza kusema lilikuwa la ujana. Hizi siku mbili sina pa kuzipeleka.

Jumatatu nikamwambia Bwana Makame. Alinyanyuka akaenda dirishani, akapekua kadi, akaileta ile ya bushuti akaiweka mbele yangu. Ilikuwa imefungwa uzi mwekundu. Niliufunga mimi mwenyewe.

"Hii tulikuwa tunaijua?" akauliza.

"Hapana."

"Wewe uliwaambia tunaijua."

"Ndiyo."

Alikaa, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti kwa muda mrefu. Akasema kwao Pemba alisikia bushuti ni joho, na kwa bibi yake mzaa mama alisikia blanketi, na ndiyo sababu alikataa kadi ile isiingie kabatini. Kisha akachukua mwavuli wake. "Twende, nitakusindikiza." Nikamwambia hapana, nitakwenda peke yangu. Sijui ujasiri huo niliutoa wapi. Pengine niliogopa zaidi kusemewa na mtu mwingine.

Nilimkuta Bi Hidaya amekaa na Salehe, aliyekuwa amekuja kumjulia hali. Nikapiga magoti kwenye jamvi, nikasema yote, la Bi Somoe, la kadi, na la siku mbili nilizonyamaza. Nilikuwa nasema nikiutazama mkeka.

"Yuko hai?" akauliza Bi Hidaya.

"Sijui, mama. Ninachojua ni kwamba barua haikusema amekufa. Mimi ndiye niliyesema."

Salehe akasimama. "Kwa hiyo ulimuua kaka yangu kwa mdomo," akasema, "na sasa unamfufua kwa mdomo. Na sisi tukusikilize."

"Shemeji, kaa," Bi Hidaya akamwambia. Sauti yake ilikuwa kavu. Hakunitazama. "Kesho nenda posta. Upige telegramu Kilwa, wampelekee mtu huyo Selemani. Na maalimu aitwe aje aniambie nivae nini."

Maalimu alikuja akamwambia avue nguo za eda mpaka habari ipatikane. Akazivua, akazikunja, akaziweka juu ya sanduku pale pale chumbani, zikakaa zinaonekana. Majibu yalichukua siku tisa. Sijawahi kuishi siku ndefu kama zile, hata nilipokuwa nangoja watoto wangu kuzaliwa. Bi Hidaya hakuwa mjane wala mke. Hakurudi kwenye vitumbua, hakurudi jamvini. Alikuwa akitembea ukumbini, kutoka mlango wa mbele mpaka mlango wa uani, na kurudi, na mimi chumbani kwangu nasikia makubazi yake. Majirani waliacha kuja, hawakujua waje na pole au waje na nini. Mwanahamisi aliniuliza kama baba yake anakuja, nikamwambia ale uji. Chakula nilikipika mimi, nikakiweka mezani, na Bi Hidaya alikula bila kuniambia ahsante. Sikumlaumu. Nilichokuwa nakiogopa zaidi ya hasira yake ni ule uso wake kila mlango ulipobishwa hodi, jinsi ulivyofunguka wote, na jinsi ulivyojifunga alipoona ni mtu wa mkaa.

Siku ya tisa Salehe alikuja anakimbia, shati lake limelowa mvua, na karatasi mkononi. Hakuniambia nisome. Aliisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa sauti: RASHIDI HAI. MGUU MBAYA. ANAMUULIZA MKEWE.

Bi Hidaya alikaa chini pale pale ukumbini, sakafuni, akaanza kulia kilio ambacho wakati wa eda hakukilia. Nilitaka kumshika nikaogopa. Baadaye kidogo akanyoosha mkono bila kutazama, akanishika kanga, akanivuta. Tukakaa hivyo mpaka Mwanahamisi akaja kuuliza nani amekufa.

Salehe alisafiri kwa meli, na mwanzoni mwa mwezi wa sita akamrudisha kaka yake. Rashidi alishuka kwenye teksi kwa fimbo, amekonda, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa. Homa ilikuwa imekwisha siku nyingi, lakini kidonda mguuni kilimkataza kutembea. Mzee Selemani alikuwa ameandika barua ya pili, nayo haikufika kamwe. Tulipika wali wa nazi na kuku, watu wakaja, watu wakaondoka. Nikaingia chumbani kwangu. Jioni, wao wawili wakiwa wamekaa jikoni, nilimsikia Rashidi anasema kwa upole, kama mtu anayeulizia bei ya mbao:

"Nilikuwa nakalishwa mlangoni kila mchana nitazame njia. Mzee akaniambia barua imefika, meli iliyoipeleka imesharudi. Nikangoja. Baadaye nikamwambia, mke wangu hanitaki mlemavu. Kwa nini hukuja, Hidaya? Hata salamu?"

Kisha nikamsikia Bi Hidaya anasema, "Barua niliielewa vibaya. Ni makosa yangu."

Nilitoka. Sikuvaa hata kandambili. Nikasimama kwenye mlango wa jiko nikasema, "Hakuielewa vibaya. Mimi ndiye niliyemsomea, na neno lililokuwemo nilimwambia maana ambayo sikuwa na hakika nayo. Akaniamini." Bi Hidaya akaniambia, "Ndeshi, nenda kalale," na mimi sikwenda, nikaeleza yote, eda, kanzu, kibanda. Rashidi alisikiliza akitazama moto. Nilipomaliza akauliza neno lenyewe lilikuwa lipi. Nikamtajia.

"Nilikuwa nalo mpaka juzi," akasema. "Blanketi la yule mzee. Alilala bila kitu ili nijifunike mimi." Akachochea mkaa. "Siku nyingine usipojua, sema hujui. Haitakuua."

Hakusema zaidi, siku ile wala siku yoyote. Nilikaa katika nyumba ile miaka miwili mingine, mpaka nilipoolewa nikahamia Ilala. Rashidi alipata kibanda kingine, kidogo kuliko cha kwanza, na alipotoka alinisalimu, na tulikula sahani moja sikukuu zote, zao na zetu. Sikuwahi kuona uadui machoni pake. Lakini barua hakunipa tena. Na mwezi wa saba mwaka uleule Bi Hidaya alijiandikisha darasa la watu wazima, upande wa Mnazi Mmoja, akawa anakwenda na daftari lake alasiri baada ya kuuza vitumbua. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Kufikia mwaka uliofuata, barua zilipokuja kutoka kusini, kwa Mzee Selemani au kwa watu wengine, alikuwa akikaa ukumbini na mumewe, kidole chini ya mstari, akisoma kwa sauti. Kila alipofika kwenye neno gumu alisimama, akalirudia, akamuuliza Rashidi, au jirani anayepita, au mtu wa mkaa. Nilikuwa chumbani kwangu, mlango wazi, nikisikia sauti yake inasimama, na nikingoja pamoja naye mpaka mtu apatikane. Mara nyingi neno lenyewe nilikuwa nalijua.